Mwali wa Goti

Najma binti Mfaume alianguka mbele ya mtaa mzima, na mtaa mzima ukampigia makofi.

Ilikuwa harusi ya mchana, Chang'ombe, turubai limefungwa toka nyumba hii hadi nyumba ile na barabara imezibwa kwa viti vya plastiki. Kundi la Kiberiti Dansa ndilo lililoalikwa kuchangamsha shughuli, na katika Kiberiti Dansa hakuna aliyengojewa kama Najma, msichana wa miaka kumi na tisa, mwembamba, mwenye kiuno ambacho hata watu wazima walikitaja kwa heshima. Singeli ilikuwa inakimbia kama imeiba kitu. Najma akaruka, akajizungusha hewani kama alivyozoea, na alipotua, mguu wa kulia ukabaki umeangalia kule alikotoka. Goti likalia ka. Akaenda chini.

Alinyoosha mkono kuomba msaada, watu wakashangilia. Alijaribu kuinuka, goti likakataa, akaanguka ubavu, na watu wakapanda juu ya viti ili waone vizuri. Twalib, kijana aliyekuwa anachezesha muziki wa kundi, alidhani hii ni staili mpya ambayo wenzake wamesahau kumwambia. Kwa kuwa hakutaka aonekane mzembe, akaukata mdundo pale pale Najma alipoanguka, akaurudisha nyuma, akaukata tena. Ikawa Najma anainuka mdundo ukirudi na kuanguka mdundo ukikatika, huku machozi yanamtoka. Bibi harusi mwenyewe alishuka kwenye kiti chake cha enzi akaja kumbandika noti kwenye paji la uso. Mcheza kwao hutunzwa, ndivyo walivyosema wahenga, ila hawakusema afanyeje kama anatunzwa huku analia.

Kabla jua halijazama, kipande cha video kilikuwa kimeshafika Mbagala na kurudi. Asubuhi yake, Temeke yote ilikuwa inaanguka. Makonda walianguka vituoni, wauza mitumba wakaanguka juu ya marobota yao, na staili ilikuwa imeshapewa jina: Goti Limegoma.

&nbsp;

Kwao Najma ni nyumba ya Kiswahili jirani na karakana za Chang'ombe, ukumbi katikati na vyumba huku na huku, uani kwa nyuma, na mbele baraza refu lenye ngazi tatu za saruji. Aliishi humo na baba yake, Mfaume, fundi wa kuchomelea mageti, mwanamume mpole ambaye hakuweza kusema uongo wala kusema kweli kwa sauti. Aliishi pia na bibi yake mzaa baba, Bibi Mwajabu, Mzaramo wa tangu na tangu, ambaye aliyaweza yote mawili. Vyumba viwili vya mbele alipanga Mama Loveness, mwalimu kutoka Mbeya, mwanamke mwenye moyo mzuri na kipaji kimoja kikubwa, nacho ni kuunda kamati.

Asubuhi hiyo goti lilikuwa limevimba mpaka halijulikani linaanzia wapi. Mfaume alimbeba binti yake mgongoni hadi kwenye bajaji. Dereva akamtambua, akakataa nauli, akaomba tu aoneshwe kidogo ile ya kuanguka. Hospitalini, mlinzi wa mlangoni alipomwona anaingia kwa kuchechemea, alicheka akamwambia dada, hapa si jukwaani. Mama mmoja kwenye foleni alianza kumwimbia mdundo kwa mdomo. Muuguzi naye alimwita kwa upole kabisa, Mfaume akadhani wamepata mtu wa kuwasaidia, kumbe alitaka wapige picha ya pamoja, binti yake nyumbani ni mshabiki. Najma alikaa kwenye benchi, amejifunika mtandio mpaka puani, anacheka na kulia kwa zamu. Tangu azaliwe alikuwa anatamani umaarufu, na ulivyomjia ulimpata hawezi kusimama.

Mtu pekee Temeke ambaye hakuwa ameiona ile video alikuwa Adelard, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kijana wa Kihaya mwenye shati lililochomekewa vizuri na sauti ya mtu anayesoma taarifa ya habari. Daktari alikuwa amempima Najma na kumpeleka kwake. Adelard alilishika goti kwa mikono miwili, akalisukuma huku, akalivuta kule, hakucheka hata mara moja. Najma alimpenda papo hapo kwa sababu hiyo tu.

"Kano la pembeni limechanika, ila halijakatika," alisema. "Likipumzika linajiunga lenyewe. Ukiruka nalo tena likakatika lote, hapo ni kisu, na baada ya kisu mimi sikuahidi kucheza."

"Sasa nikae mpaka lini?"

"Litasema lenyewe. Kwenu kuna ngazi?"

Mfaume ndiye aliyejibu kwamba zipo, za barazani.

"Basi. Siku utakayozishuka bila kushika ukuta, bila kumshika mtu, bila kuchechemea, siku hiyo ndiyo tutaanza kuongea habari za kucheza. Kabla ya hapo ukisikia muziki, kaa."

Najma aliogopa, na hakuogopa kidogo. Shuleni aliambiwa arudie, jikoni aliambiwa arudie, hata kufagia aliambiwa arudie. Kucheza ndiyo kazi pekee aliyowahi kuifanya watu wakamwambia arudie kwa kuwa wameipenda.

&nbsp;

Kupumzika kulimshinda, na si kwa kupenda kwake. Hospitali walimpa magongo, na magongo ndiyo yaliyoharibu zaidi. Alitoka nayo mara moja tu kwenda dukani, na kufikia alasiri nusu ya watoto wa mtaa walikuwa na mifagio kwapani. Akienda msalani uani, simu zinachungulia juu ya ukuta. Akikaa barazani apunge upepo, wapita njia wanasimama kusubiri aanguke. Kuna mzee mmoja mstaarabu, anayetoka msikitini, alimngoja robo saa nzima kisha akaenda zake amenuna.

Mbaya zaidi alikuwa Mbwana, kiongozi wa Kiberiti. Si mtu mbaya, ila alikuwa amepata shoo Mbagala, uzinduzi wa duka kubwa la samani, na mwenye duka alikuwa ametamka wazi kwamba anataka Goti Limegoma pamoja na mwenye goti. Najma alimwonesha cheti cha daktari. Mbwana akakitazama, akacheka, akamkumbusha ya Kinyerezi. Huko, mwaka jana, Najma alijizimisha jukwaani makusudi, akabebwa kama maiti, kisha akafufuka juu ya mabega ya watu, na tunzo zilimwagika. Toka siku hiyo, Mbwana akasema, yeye hata akiletewa habari za msiba wa Najma atakwenda kwanza kuchungulia.

"Sista, we anguka mara moja tu," alimbembeleza. "Moja. Zilizobaki tutaanguka sie."

"Mbwana, naumwa kweli."

"Ndo hapo sasa. Uso huo huo. Huo uso ndo wanaoutaka."

Najma alimtazama, akajua kwamba atakubali. Si leo, labda kesho, lakini atakubali, maana hakuwa na ufundi wa kukataa shangwe. Bibi Mwajabu, aliyekuwa anapepeta mchele ukumbini, alijua hilo kabla yake. Akauweka ungo chini, akajikung'uta, akatoka barazani.

"Mbwana mwanangu, huyu humpati. Kesho anaingia ndani."

"Shikamoo bibi. Ndani wapi?"

"Marahaba. Ndani. Mwali."

Mbwana alivua kofia. Hakuna mtoto wa Temeke, hata awe mhuni namna gani, anayebishana na neno hilo. Cheti cha daktari kina mhuri wa serikali na kilichekwa, lakini mwali ni mwali. Mwali haonwi, haitwi, hapigwi picha, hatoki mpaka atolewe kwa ngoma. Mbwana alirudi kinyumenyume hadi barabarani akiomba radhi, akajikwaa kwenye ngazi ya mwisho.

Najma alimgeukia bibi yake na kumnong'oneza kwamba yeye si mwali, alishavunja ungo miaka mingi.

"Na ulichezwa ngoma?" aliuliza Bibi Mwajabu. "Baba yako alisema kuna mtihani. Nikakaa kimya. Mtihani wenyewe ukafeli. Sasa mke mwenzangu, deni la ngoma haliozi. Ingia ndani."

Kwa utani wa bibi na mjukuu, alikuwa akimwita hivyo tangu mdogo, mke mwenza, kwa vile wajukuu wote wa kike ni wake wa marehemu babu yao. Alipotaka jambo lake lisipingwe alilitumia jina hilo kwa utamu maalumu.

&nbsp;

Najma akaingia ndani, kwenye chumba cha Bibi Mwajabu chenye kitanda cha besela na harufu ya udi. Mlangoni likatundikwa pazia. Asubuhi alipakwa liwa, mchana alisuguliwa msio, jioni alifukizwa, na katikati ya hayo alifanya mazoezi ya Adelard: kanga iliyoviringishwa chini ya goti, alikandamize, ahesabu, aachie; mguu ulionyooka, aunyanyue, ashushe polepole. Bibi alisimamia yote kwa ukali ule ule, na baada ya siku chache hakuna tena aliyeweza kutofautisha lipi ni la hospitali na lipi ni la Wazaramo. Adelard alikataza goti lisikandwe kwa nguvu. Bibi akakubali, kisha akawa analipulizia dua badala yake, akasema pumzi haina nguvu.

Shida ilikuwa moja. Mwali hatoki kwenda hospitali, na goti linataka kuangaliwa. Mfaume alikwenda kumweleza Adelard, akajikanyaga kanyaga kwenye maneno mpaka yule kijana akamwonea huruma, akasema siku zake za mapumziko atapita mwenyewe, nyumbani kwake Kinyerezi hakuna anayemngoja. Basi akawa anakuja, shati limechomekewa, viatu vinang'aa, mkoba mkononi. Anamsalimia Bibi Mwajabu kwa kuinama, anaingia ndani na bibi, anatoka baada ya muda akiwa na mfuko wa visheti. Bibi alimpenda. Alimtania kwamba anaongea Kiswahili kama anakitoa kabatini, naye akajibu kwa utulivu kwamba asante.

Mama Loveness aliyaona haya yote kupitia dirisha lake. Alikuwa mwalimu wa hesabu, akajumlisha. Msichana amewekwa ndani, na mjini siku hizi nani anawekwa ndani bila harusi? Kijana mtanashati anakuja na mkoba, anapewa visheti. Hakutaka umbeya. Alimuuliza Mfaume uso kwa uso, kistaarabu, siku anatoka kazini na miwani ya kuchomelea kichwani.

"Baba Najma, tujiandae?"

Mfaume alidhani anaulizwa kuhusu siku ya kumtoa mwali. Akasema, "Mungu akipenda."

"Na yule kijana ni wa huko kwetu bara?"

"Ni Mhaya," alisema Mfaume, ambaye hakuweza kusema uongo.

Kwa Mama Loveness ikatosha. Lisemwalo lipo, aliwaambia walimu wenzake, na kama halipo linakuja. Wiki haikuisha kamati ikawa imeundwa, mwenyekiti yeye, mweka hazina mtu wa benki, na kundi la simu lenye picha ya maua. Pale karakana mafundi walimpongeza Mfaume kwa kumpiga mabegani. Mwenye duka la vyuma alimletea sufuria seti nzima, kubwa mpaka ndogo, zimefungwa utepe. Mfaume alizipokea kwa mikono miwili, jasho linamtoka, akasema Mungu akipenda. Usiku alikuwa anaota sufuria.

Alikwenda kwa mama yake akamwambia hili jambo limekuwa kubwa, twende tukawaambie watu.

"Tuwaambie nini?" aliuliza Bibi Mwajabu. "Sie tulisema mwali. Harusi wamesema wao."

"Mama, watu wanachanga."

"Wapishi nishawatafuta. Watakula. Umewahi kuona mchango wa Dar ukaenda pengine zaidi ya tumboni?"

Najma, nyuma ya pazia, alicheka mpaka akalazimika kung'ata mto. Ilikuwa mara ya kwanza toka aanguke kucheka bila kuchanganya na kilio.

&nbsp;

Halafu Kiberiti Dansa wakaja kufanya mazoezi mtaani, nyumba ya tatu kutoka kwao. Haikuwa ubaya. Mbwana alikuwa amempa Bupe, msichana mwingine wa kundi, nafasi ya Najma, na hapo ndipo palipokuwa na uwanja. Mdundo uliingia dirishani bila kubisha hodi. Najma aliusikia unakatika, watu wanashangilia, unarudi, unakatika tena, na akajua Bupe anaanguka. Anaanguka vizuri. Anaanguka bila kuumia, mtoto wa watu, na kesho kutwa atasahaulika nani alianguka wa kwanza.

Bibi alikuwa uani, pazia limeshushwa, hakuna anayeona. Goti halikuwa linauma tena kiasi kile. Akasimama katikati ya chumba, akasikiliza mdundo unavyopanda, akainua mikono, akakunja magoti tayari kuruka. Mguu wa kulia ukaanza kutetemeka, polepole, kama mguu wa mbuzi mchanga. Akabaki hapo, amekunja magoti, hawezi kuruka na hataki kukaa. Mdundo ukamfikia, ukampita. Akakaa sakafuni, akalia kwa sauti.

Bibi Mwajabu alimkuta hivyo. Alijishusha akakaa mkabala naye kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, viungo vyake navyo vikilalamika.

"Uliruka?"

"Sikuruka."

"Basi unalia nini? Ungeruka ndo ungelia."

"Bibi, nikitoka humu sitakuwa na kitu. Miguu ndo mie."

Bibi Mwajabu akaanza kutikisa bega moja. Moja tu. Bega likaitikia mdundo wa nje, likauacha upite, likaudaka nyuma yake. Likaja la pili. Shingo ikafuata, ikateleza kulia na kushoto huku macho yametulia, na yule kikongwe wa viungo vinavyolalamika akawa anacheza singeli akiwa amekaa, bila kunyanyua hata kisigino, na singeli yenyewe ikaonekana ndiyo inayohangaika kumfuata yeye.

"Mwali akitolewa anabebwa begani," alisema bila kuacha. "Mguu haugusi chini. Na huko juu lazima acheze, watu waone amefundwa. Atacheza na miguu gani? Haya, mke mwenzangu, nipe bega."

Najma alijifuta kamasi kwa kanga akampa bega. Aliambiwa arudie.

&nbsp;

Siku ya kumtoa, Adelard alifika mapema kumpima Najma kwa mara ya mwisho. Alilisukuma goti huku, akalivuta kule, akamwambia aende dirishani na kurudi. Akasema limejiunga, kwa kadiri ya mikono yake. Ngazi ndizo zitakazosema. Alikuwa amevaa suti, kwa vile kwao mtu akialikwa shughuli huvaa suti, na alipotoka barazani akakuta mtaa mzima unamngoja.

Turubai lilikuwa la rangi ya dhahabu na nyeupe. Kulikuwa na keki ya ghorofa, mshereheshaji mwenye kipaza sauti, na sufuria zimepangwa juu ya meza na tepe zake. Kabla Adelard hajapata pumzi alivishwa shada la maua, akapigiwa vigelegele, akakalishwa kwenye kiti kilichovikwa satini, na kiti cha pili kando yake kitupu. Mama Loveness, amevaa gauni la kamati na viatu vya kisigino kirefu, alimwinamia akamuuliza wazazi wake wako njiani au wameshafika.

"Samahani mama," alisema Adelard kwa ile sauti yake ya taarifa ya habari. "Mimi nimekuja kwa ajili ya goti."

Kipaza sauti kilikuwa karibu, mtaa mzima ukasikia. Watu wakacheka kwanza, wakidhani ni maneno ya Kihaya ya kuanzia harusi. Mfaume, aliyekuwa amesimama kwenye nguzo ya turubai kwa muda mrefu akitamani aingie ndani yake, akaona sasa basi. Akaenda akakishika kipaza sauti kama anavyoshika bomba la kuchomelea, mbali na uso.

"Ndugu zangu," alisema. "Mniwie radhi. Hakuna bwana harusi. Kuna goti."

Akaeleza yote, kwa sauti, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Akaeleza kwamba ile siku mwanawe hakuwa anacheza, alikuwa anaumia. Kwamba alimbeba mgongoni kwenda hospitali na kila waliyekutana naye akamwomba aanguke tena. Kwamba mama yake aliona hakuna njia nyingine ya kuwafanya watu wamwache mtoto apumzike. Mbwana aliinamisha kichwa. Twalib, nyuma ya mashine yake, alikuwa ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili, maana alikumbuka ni nani aliyerudisha mdundo nyuma. Toka jikoni ukasikika mlio wa pilau.

"Yaani," alisema Mama Loveness taratibu, "sie tumechangia goti?"

Haijulikani nani alianza kucheka. Wengine wanasema ni mweka hazina. Kicheko kilianzia kwenye viti vya mbele kikaenda mpaka kwa wapishi, watu wakaegemeana, mshereheshaji akakaa chini, na mwenye duka la vyuma akapaza sauti kwamba sufuria hazirudishwi, goti nalo linakula. Mfaume alicheka mpaka akalia, akarudisha kipaza sauti kwa mwenyewe.

Wakiwa katika hali hiyo, ngoma ikapigwa ndani. Ngoma yenyewe, ya ngozi, si ya mashine. Najma akatokea uani, amebebwa begani na shangazi mmoja mwenye nguvu aliyeagizwa kutoka Chanika, amefunikwa kanga nyekundu na nyeupe, akapitishwa kati ya watu. Pale juu akaanza bega moja. Wanawake watu wazima waliokuwa bado wanafuta machozi ya kicheko walitazamana, maana walikuwa hawajaliona bega hilo toka wakiwa wasichana. Likaja la pili, ikaja shingo. Bibi Mwajabu alikuwa anatembea kando, mikono mgongoni, anajifanya hatazami. Noti zilianza kupanda juu kwa mikono iliyonyooshwa, na hakuna aliyemkumbuka aliyeanguka.

Akashushwa barazani, juu ya ngazi. Kule nyuma vijana, mazoea yana taabu, wakaanza kuita: Goti Limegoma, Goti Limegoma. Twalib akainua mkono tayari kuwasha mdundo, akamtazama Mbwana. Mbwana akatikisa kichwa, akazima mashine kwa kidole chake mwenyewe.

Najma alitazama ngazi. Zilikuwa tatu tu, alizozishuka maisha yake yote akikimbia. Adelard alisimama kwenye kiti chake cha satini na shada lake shingoni, macho kwenye goti la kulia. Mfaume alinyoosha mkono kutaka kumshika binti yake, akakumbuka, akaurudisha mfukoni.

Akatanguliza mguu wa kushoto, wa kulia ukabaki juu umebeba mwili wote. Ukatetemeka. Ukatulia. Ngazi ya kwanza. Watu waliokuwa wanaita walinyamaza wenyewe, kwa sababu waliona uso wake, na safari hii waliujua ni uso wa nini. Ngazi ya pili aliishuka kwa mguu wa kulia, taratibu, kidole kisha kisigino, goti limenyooka mahali pake. Ya tatu hakuitazama. Akaikanyaga ardhi, akaenda mbele hatua, na hatua nyingine, bila ukuta, bila mtu, bila kuchechemea, akitembea tu kama mtu anayekwenda dukani kununua chumvi, huku mwili wote unacheka.

Adelard wa Kinyerezi alisahau suti. Alipiga kigelegele, kibovu, cha mtu ambaye hajawahi, sauti ikavunjika katikati.

"Si niliwaambia," Mama Loveness alimnong'oneza mweka hazina.

Bupe ndiye aliyemfuata Najma wa kwanza. Aliingia nyuma yake akakanyaga pale alipokanyaga, bila kuanguka, bila kuruka, anatembea. Mbwana akaingia nyuma ya Bupe. Twalib akatafuta mdundo wa polepole kwenye mashine, akakosa, maana hakuwahi kuwa nao, akaacha mashine akaja kutembea mwenyewe. Mstari ukazunguka turubai, ukapita mbele ya keki, ukaelekea barabarani, na vijana wenye mifagio wakaitupa wakajiunga. Mfaume alikuwa wa mwisho, anatazama miguu yake kana kwamba ndiyo kwanza anaiona.

Mama Loveness alimshika Bibi Mwajabu mkono. Alitaka kujua hii nayo inaitwaje, awaandikie wenzake kwenye kundi la simu.

"Haijapata jina," alisema Bibi Mwajabu. "Wewe tembea."

Mama Loveness akavua viatu vyake vya kisigino, akavishika mkononi, akatembea.